Portia, buibui mrukaji anayewinda buibui wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila video ya huyu buibui ikianza kuzunguka maswali yanakuja yale yale, mengine mazuri kabisa mengine ya ajabu, sasa nimeona niyakusanye niyajibu moja moja. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja manake hayahitaji zaidi, mengine nimejiachia kidogo, mtanisamehe.

Portia ni buibui mmoja au ni aina nyingi?

Ni aina nyingi. Portia ni jina la jenasi, yani kundi la spishi (aina) zenye undugu wa karibu, ndani yake kuna spishi kama 20 hivi, na jenasi yenyewe iko kwenye familia ya buibui warukaji, Salticidae, ambayo ndo familia kubwa kuliko zote za buibui, ina spishi zaidi ya 6,000. Kwa hiyo Portia ni kikundi kidogo tu kwenye ukoo mkubwa sana. Wale unaowasikia mara nyingi ni Portia fimbriata, Portia labiata, Portia schultzi na Portia africana, kwa sababu ndo waliochunguzwa zaidi. Jenasi iliitwa hivyo na Mjerumani Ferdinand Karsch mwaka 1878, afu miaka 100 baadaye, 1978, Fred Wanless akaipitia upya yote na kuipanga.

Jina linatamkwaje?

Poshia.

Ana ukubwa gani?

Mdogo. Jike aliyekomaa ni milimita 7 hadi 10 hivi kutegemea spishi, dume huwa mdogo zaidi, milimita 5 au 6. Yani anakaa vizuri kabisa juu ya ukucha wa kidole chako na nafasi inabaki. Watu wakisoma habari zake wanajenga picha ya dude kubwa kama kiganja, afu wakimwona wanauliza ndo huyu tu?

Anaishi wapi?

Sehemu za joto za Afrika, Asia na Australia. P. schultzi yuko Afrika ya kati, mashariki na kusini mpaka Madagaska. P. africana yuko Afrika pia, na wengi wa waliofanyiwa majaribio wametoka kando ya Ziwa Victoria, Mbita nchini Kenya, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. P. labiata yuko Sri Lanka, India na kusini mashariki mwa Asia hadi Ufilipino. P. fimbriata ndo yule maarufu wa misitu ya mvua ya Queensland, Australia, japo Asia yupo pia.

Nikimwona nitamjuaje? Mbona mimi naona takataka tu?

Basi umeshamwona, ndo hivyo anavyotaka. Mwili wake una manyoya yaliyokaa kama vijinyuzi, miguu ina vishungi vya nywele, rangi ni kahawia iliyochanganyika na weupe na weusi, ukimwangalia ni kipande cha jani kavu kilichodondoka na kunasa kwenye utando. Akitulia anakunja miguu karibu na mwili na kuficha vipapasio, vile viguu vidogo vya karibu na mdomo, umbo la buibui linapotea kabisa.

Na mwendo wake pia ni sehemu ya kujificha. Buibui warukaji wengine wanakimbia kimbia na kusimama ghafla, wana haraka, Portia yeye anatembea kama mgonjwa, mguu unainuka unasita, unatikisika kidogo, unashuka, unafuata mwingine, kila mguu na saa yake, ukimwona kwa mbali utadhani ni upepo unasukuma uchafu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu kalichukua hilo neno kama lilivyo.

Anakula nini? Ni kweli anakula buibui wenzake?

Kweli. Wadudu anakula akiwapata, nzi hampi shida, ila chakula anachokitafuta hasa ni buibui, wakiwemo wakubwa kumzidi yeye na wengine wenye uwezo wa kumla yeye. Mayai ya buibui anakula pia. Hapo ndo hadithi nzima ya Portia inapoanzia, kwa sababu nzi ukimkosea hatua anaruka tu anaenda zake, lakini buibui mwenye utando ukimkosea hatua anakuja kukufunga nyuzi na kukunywa. Mambo mengi yanayoonekana kama ujanja kwa huyu mnyama yanaeleweka ukikumbuka kwamba windo lake nalo ni mwindaji.

Anaingiaje kwenye utando wa mwenzake bila kunasa?

Tando za kunata na zisizonata zote anazitembelea bila shida, wakati buibui warukaji wengi wakijaribu wanakwama kama nzi tu. Ila kutembea ndo kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kwamba buibui wengi wa tando hawaoni vizuri, wanaishi kwa kuhisi mitikisiko, utando kwao ni kama sikio kubwa limetandazwa hewani. Ukigusa uzi mmoja, mwenye nyumba keshajua kuna mtu, kajua yuko upande gani, na anakisia ni mkubwa kiasi gani.

Sasa Portia anaitumia hiyo hiyo. Anasimama pembeni mwa utando anaanza kuzipiga nyuzi kama mtu anayejaribu gitaa, kwa mguu wowote katika minane, kwa vipapasio, hata kwa kutikisa tumbo, peke yake au kwa kuchanganya. Kwa buibui mdogo anaweza kutoa mtikisiko wa kidudu kilichonaswa kinachojikukuta, mwenye utando anakuja mbio akijua chakula kimefika, kumbe chakula ni yeye.

Kwa buibui mkubwa hiyo ni hatari, huwezi kumwita simba nyumbani akiwa na njaa. Hapo Portia anapiga taratibu, mitikisiko hafifu ya kujirudia rudia, inayomfanya mwenye utando atulie au asogee kidogo kidogo, huku yeye anakaribia. Inaweza kuchukua muda mrefu sana, mtu mwenye haraka hawezi kuangalia mpaka mwisho.

Anajuaje apige mtikisiko gani kwa buibui gani?

Hili ndo swali zuri kuliko yote hapa. Kwa aina kadhaa za buibui anazokutana nazo sana kwao, anaanza moja kwa moja na mtikisiko unaofaa, hilo linaonekana amezaliwa nalo. Ila kwa buibui asiyemjua anafanya kitu kingine: anatoa mitikisiko ya kila namna, hii, ile, hii tena, anabadilisha badilisha mpaka mmoja umfanye yule buibui asogee. Akipata jibu anaacha kubahatisha na kurudia huo huo ulioleta jibu. Ukiacha kufanya kazi anarudi kubahatisha tena. Walioonyesha hilo ni Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko Nyuzilandi na Stimson Wilcox wa Marekani, na kwa maoni yangu ndo jambo kubwa zaidi kuhusu Portia, kubwa kuliko hata hizo habari za kuhesabu zinazopendwa na watu.

Mwenye utando hahisi hatua zake akiwa anakaribia?

Angehisi, ndo maana Portia anasubiri upepo. Upepo ukivuma utando mzima unatikisika, na ndani ya hiyo kelele hatua zake zinapotea, basi anatumia nafasi hiyo kusogea kwa haraka zaidi, upepo ukitulia naye anapunguza. Wilcox na wenzake waliandika hilo mwaka 1996. Na kuna wakati hasubiri, anautikisa utando yeye mwenyewe kwa nguvu kama vile upepo umepita, afu anapiga hatua humo humo ndani ya vurugu aliyoitengeneza.

Na buibui wasio na utando anawapataje?

Inategemea ni nani. Kule Queensland kuna buibui mrukaji anaitwa Jacksonoides queenslandicus, anaona vizuri sana, na ukimjia hovyo anakuona. P. fimbriata wa huko wana stailo maalum kwa buibui warukaji: anavuta vipapasio nyuma visionekane, anatembea polepole kuliko kawaida, na yule akigeuka kumwangalia anaganda pale pale, mguu ukiwa hewani unabaki hewani. Akigeuka tena mbele, safari inaendelea. Ule mchezo wa watoto wa kuganda ukiangaliwa, ila hapa ukipoteza ni maisha.

Mwingine ni Euryattus, naye wa Queensland. Jike wake anaishi ndani ya jani lililojikunja analolining'iniza kwa nyuzi. Dume akitaka kumposa anashuka juu ya jani na kulitikisa kwa namna yake, jike anatoka kuangalia. Portia anashuka kwenye jani anatikisa vile vile kama dume. Jike anatoka. Nadhani mwisho wake unaujua.

Yule buibui anayetema mate ya gundi je?

Scytodes. Huyu ni kiboko kwa sababu anatema gundi kutoka mbali kidogo, inakubandika chini, afu anakuja kukumaliza, na anawinda buibui warukaji hasa. Kwa hiyo P. labiata wa sehemu wanakoishi na Scytodes wanamjia kwa nyuma, mbali na mdomo, hata kama ni kuzunguka sana. Lakini jike wa Scytodes hubeba mayai yake mdomoni, na akiwa nayo hawezi kutema mpaka ayaachie kwanza. Portia akimkuta jike amebeba mayai mara nyingi anapita mbele, njia fupi. Yani anaangalia kwanza kama bunduki imezibwa ndo anaamua njia.

Afu sikiliza hii. Ufilipino kuna P. labiata wa Los Baños, bondeni, ambako Scytodes wamejaa, na kuna P. labiata wa Sagada, milimani, ambako hawapo. Waliwachukua wakawazalisha maabara, watoto ambao hawajawahi kumwona Scytodes maishani mwao. Watoto wa Los Baños walitumia ile mbinu ya kuzunguka nyuma, wa Sagada wala. Kwa hiyo hiyo mbinu imo kwenye damu, hakufundishwa na mtu.

Macho yake yakoje? Ni kweli anaona kama binadamu?

Kama binadamu hapana, ila kwa saizi yake inashangaza. Ana macho manane. Mawili makubwa ya mbele ndo ya kuona vitu kwa undani, sita yaliyobaki yako pembeni na nyuma, kazi yake kubwa ni kushika chochote kinachosogea karibu pande zote, yakishika kitu anageuka kukielekezea yale makubwa.

Hayo makubwa yametengenezwa kama darubini. Kuna lenzi mbele, nyuma yake kuna mrija mrefu, na mwisho wa mrija kuna sehemu nyingine inayopanua picha kabla haijafika kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, vile vile inavyofanya kazi lenzi ya kamera ya kuvuta mbali. Retina yenyewe ina tabaka nne. Lenzi ya mbele imeshikana na ganda la kichwa, haiwezi kugeuka, kwa hiyo kinachogeuka ni mrija wa ndani, unasogezwa na misuli sita. Akikuangalia uso umetulia tuli kumbe ndani mirija inahangaika kushoto kulia juu chini.

Uwezo wenyewe: anaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya digrii 0.04. Maana yake akiwa sentimita 20 kutoka kwenye kitu anatofautisha nukta mbili zilizoachana kama milimita 0.14. Jicho la binadamu linamzidi mara 6 hivi. Kereng'ende, ambaye ndo bingwa wa macho kwa upande wa wadudu, anazidiwa na Portia mara 10. Na kereng'ende ana jicho kubwa kuliko kichwa kizima cha Portia.

Sasa gharama yake. Hilo jicho kali linaona eneo dogo sana kwa wakati mmoja, kama unachungulia chumba kupitia tundu la ufunguo. Ili ajue hiki ni buibui, kinatazama huku, mdomo huu hapa, miguu ile pale, inabidi atembeze hilo tundu kipande kwa kipande na kuunganisha picha kichwani. Inachukua muda. Ndo maana utamwona amekaa anakodolea kitu weee, unadhani amelala, kumbe anasoma.

Ni kweli anapanga njia kabla ya kwenda?

Ndiyo, na sio hadithi, limejaribiwa kwa miaka mingi na kwa namna tofauti.

Porini lilionekana kwanza. Portia anamwona buibui kwenye utando, labda Argiope, ambaye akihisi mgeni anautikisa utando wake kwa nguvu mpaka mgeni anarushwa nje. Kupitia utandoni basi haiwezekani. Portia anaangalia angalia, afu anageuka anaondoka. Anapanda mti, anazunguka, anapita sehemu ambazo hamuoni tena yule buibui, anatokea juu yake, anajiteremsha hewani kwa uzi wake bila kugusa utando, akifika usawa wa windo anajibembeza na kulidaka. Safari kama hiyo inaweza kufika saa nzima, na sehemu kubwa windo halionekani.

Mtu anaweza kusema alibahatisha. Ndo maana Michael Tarsitano na Jackson wakatengeneza jaribio, wakalichapisha 1997. Portia anawekwa juu ya jukwaa, mbele yake kuna visahani viwili, kimoja kina buibui mfu aliyebandikwa kama yuko hai. Kuna njia mbili, moja inafika kwenye chakula, nyingine haifiki. Kuzipata inabidi ashuke jukwaani, na akishashuka chakula hakionekani tena. Na kuna mipangilio ambayo ili aifikie njia sahihi ni lazima kwanza aende mbali na chakula, au aipite njia mbovu na kuiacha. Portia walichagua njia sahihi mara nyingi kuliko ile mbovu.

Mwaka 1999 Tarsitano na Richard Andrew wakaangalia macho yenyewe yanafanya nini akiwa juu. Inaonekana anafuatisha njia kwa macho kuanzia kwenye chakula kurudi nyuma, akikuta pengo kwenye njia anaacha hiyo, anaendelea zaidi na ile isiyokatika. Ukifikiria ni kitu rahisi, sheria moja au mbili tu, lakini inampa matokeo ambayo sisi kwa lugha yetu tunayaita kupanga.

Na kuhesabu? Nimesikia anahesabu.

Anatofautisha idadi ndogo, tuseme hivyo. Fiona Cross na Jackson walichapisha jaribio mwaka 2017 wakiwa na P. africana. Buibui anaona idadi fulani ya mawindo akiwa juu ya mnara, anashuka kufuata njia, akiwa njiani haoni kitu, akifika sehemu ya kuona tena anakuta idadi ni ile ile au imebadilishwa. Ikiwa imebadilishwa alisita, aliangalia muda mrefu zaidi, kama mtu aliyeacha viatu viwili mlangoni akirudi akakuta kimoja. Alishtukia tofauti ya 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3. Ila 3 na 4, au hata 3 na 6, hakushtuka. Yani kwake kuna moja, mbili, na nyingi.

Na ana sababu ya kujali idadi. Watoto wa P. africana wanawinda buibui mdogo anaitwa Oecobius amboseli anayejenga viota kwenye kuta na mawe, na huwinda wakiwa wawili wawili wakisubiri kwenye kiota kimoja. Ximena Nelson na Jackson waliwapa kuchagua, na mtoto alipendelea kukaa kwenye kiota chenye Portia mwenzake mmoja tayari, kuliko kisicho na mtu, au chenye wawili, au watatu. Mmoja akimkamata mwenye kiota, mwingine anaweza kujiunga kula.

Ile habari ya kisiwa na maji ni ipi?

Portia hapendi maji kabisa. Watafiti walimweka kwenye kisiwa kidogo katikati ya trei ya maji, ng'ambo kuna sehemu kavu lakini mbali kuliko anavyoweza kuruka mara moja. Chaguo ni mbili: kuruka aangukie majini, au kuingia majini na kuogelea. Akichagua lolote, mtafiti kwa kubahatisha ama anatengeneza kawimbi kanakomsukuma mbele, ama kanakomrudisha kisiwani. Kwa hiyo njia ile ile kwa mwingine inafanikiwa na kwa mwingine inashindwa, bila uhusiano na ubora wake. Raundi ya pili waliofanikiwa walirudia njia yao, walioshindwa wakabadilisha. P. fimbriata walifanya hivyo, na kwa P. labiata wale wa Los Baños walifanya hivyo zaidi sana kuliko wa Sagada.

Kwa hiyo ana akili kweli au ni silika tu?

Mimi hili neno "tu" ndo linaniudhi. Mbinu ya kumzunguka Scytodes ni ya kuzaliwa, tumeona. Kupigapiga nyuzi mpaka kitu kifanye kazi ni kujaribu na kujifunza, papo hapo, kwa buibui asiyewahi kukutana naye. Viwili viko ndani ya mnyama mmoja na vinasaidiana. Wanaosema anafikiri kama paka au mtoto mdogo wanatia chumvi, hamna jaribio linaloonyesha hivyo, na wanaosema ni mashine ya kufuata harufu na mwanga basi hawajasoma hayo ya njia na maji. Kitu ninachokiona mimi ni kwamba analipa kwa muda kile anachokosa kwa ukubwa wa ubongo. Tatizo ambalo mnyama mwenye ubongo mkubwa angelitazama mara moja, huyu analikata vipande vidogo vidogo na kukaa nalo saa nzima.

Ubongo wake una ukubwa gani?

Unakaa juu ya kichwa cha pini bila kumwagika.

Anajenga utando wake mwenyewe?

Ndiyo, na hapo anatofautiana na ndugu zake, manake buibui warukaji wengi wanajenga kijumba cha kulala na kutagia basi. Portia anajenga utando wa kunasia, mara nyingine anauunganisha na utando wa buibui mwingine, anakaa mpakani kama jirani mwema. Jike pia huning'iniza jani kavu kwenye utando wake na kutagia mayai juu yake.

Anaruka mbali?

Akishtuliwa anaruka juu sentimita 10 hadi 15 hivi, afu anakimbia kidogo au anaganda. Kama buibui warukaji wote nguvu haitoki kwenye misuli mikubwa ya miguu kama panzi, anasukuma maji ya mwilini kwa presha kwenye miguu na inanyooka ghafla. Nyuma anaacha uzi, akikosea anabaki ananing'inia. Ila kwa kweli kuruka sio sifa ya Portia, anatembea zaidi.

Jike anamla dume?

Kwa P. labiata na P. schultzi ndiyo, mara nyingi anajaribu, kabla, wakati au baada ya kupandana, anajigeuza ghafla kwa nguvu na kumrukia dume aliye mgongoni. Dume anajua hivyo, anakaa chonjo, wengine wanasubiri jike aning'inie kwenye uzi kwanza. Kwa P. fimbriata wa Queensland hilo ni nadra. Kwa nini iwe hivyo ndani ya jenasi moja ni mambo ya kujadiliana usiku kucha.

Anang'ata watu? Ana sumu?

Sumu anayo na kwa buibui wenzake inafanya kazi haraka sana, lazima, vinginevyo angekuwa amekufa yeye. Kwa mtu sio buibui wa hatari, hana sababu ya kukung'ata na mara nyingi atakukimbia au ataganda ajifanye uchafu. Kandambili irudi mguuni.

Ndo huyu anayekula mbu wa malaria?

Hapana, mnachanganya, na nawaelewa manake wote wamechunguzwa Mbita na watu wale wale. Yule wa mbu ni Evarcha culicivora, mrukaji pia, yuko maeneo ya Ziwa Victoria Kenya na Uganda, alipewa jina 2003. Anapenda mbu jike aliyeshiba damu, hasa Anopheles, kwa hiyo anakunywa damu yetu kwa mkono wa pili. Na harufu ya miguu ya binadamu inamvuta, walimjaribu kwa soksi zilizovaliwa akaipenda harufu yake kuliko ya soksi safi. Kila mtu na ladha yake.

Naweza kumfuga?

Inawezekana, ila kama hujawahi kufuga buibui usianze naye. Kwanza ni lazima akae peke yake, ukiweka wawili jiandae kubaki na mmoja. Pili chakula: nzi wadogo anakula, ila anapenda buibui hai, kwa hiyo utajikuta unafuga buibui wa kulisha buibui. Tatu anaganda masaa, wengi wanamchoka. Anza na mrukaji wa kawaida kama Hasarius adansoni, mchangamfu, anakula nzi, hana maneno. Na kabla ya kuokota mnyama porini au kumwagiza kutoka nchi nyingine angalia sheria ya unakoishi inasemaje.

Nikitaka kumwona akiwinda nifanyeje?

Tafuta tando za buibui wengine mchana kwenye mwanga mzuri, vichakani, kwenye mashina, kwenye kuta za zamani, afu usimtafute buibui, tafuta takataka iliyonasa pembeni mwa utando isiyofanana na nyingine. Ipulizie taratibu sana. Takataka ya kweli itayumba na kurudi ilipokuwa. Ikisogea hatua mbili mbele kuelekea kwa mwenye utando, umempata, kaa chini mbali kidogo, usiguse utando, zima flashi ya simu, na usiwe na appointment yoyote mchana huo.